Kitambaa Cheupe Nyuma ya Goli la Ezra

Jumatatu, 8 Februari 1909

Tumepata mgeni. Bwana Farquhar, kutoka kaskazini kwenye machimbo ya fedha. Koti la manyoya, sharubu zimeganda kama majani ya uani. Kapanga chumba chetu cha juu kwa usiku mmoja. Nilimpenda mpaka aliposema kilichomleta. Timu ya magongo ya barafuni ya huko inatafuta kipa wa kulipwa, na kasikia kipa wa Lindenau hapitishi hata inzi.

Kipa wa Lindenau, mji wetu huu, ni Ezra. Ezra mwanangu, niliyekuwa namfuta makamasi juzi tu!

Katika ligi yetu hii, tramu inampeleka Ezra kwenye mechi na inamrudisha uji wa usiku ukiwa bado wa moto. Huko kaskazini ni treni, tena treni, kisha sijui nini. Konrad, mume wangu, kanionyesha kwenye ramani ya reli. Eti ni urefu wa kidole gumba tu. Kusoma kwangu ramani ni kudogo, lakini kidole gumba cha ramani nakijua. Kina theluji ndani yake.

Konrad akasema kijana ni mtu mzima, nimwache. Kisha akarudi kupiga nyundo mapipa yake. Huo ndio msaada niliopewa duniani.

Jirani yangu Ottilie Zinkann kaja kuazima hamira, na hamira anayo. Kumbe kaja kuniambia kuwa mgeni amemfuata Norbert wake, mshambuliaji. Nimemwambia wamchukue, hata leo, nitamfungia sandwichi za njiani.

Nimeamua. Ezra haendi popote.

Jumanne, 9 Februari

Mpango ni shibe. Mazoezi ni mchana, na mtu aliyelala haoni kipa. Nimempikia Bwana Farquhar nguruwe wa kuoka, kabichi chachu, madonge ya unga na mchuzi mzito, halafu pai ya tufaha. Kalala kitini, mdomo wazi, kama nilivyopanga. Nikamfunika blanketi. Adui sawa, lakini miguu yake ilikuwa baridi.

Kaamka jioni, mazoezi yamekwisha. Nikacheza kidogo jikoni, peke yangu na mwiko.

Kisha akatangaza kwamba, maadamu hajamwona kipa akicheza, atakaa mpaka mechi ya Jumamosi na Port Dunmore. Akauliza kama kuna madonge yaliyobaki.

Yalikuwepo. Nikayapasha moto.

Alhamisi, 11 Februari

Mpango mpya, mzuri kuliko ule. Wiki hii zamu ya kufua fulana za timu ni yangu, maana kina mama tunapokezana. Ya Ezra nimeichemsha. Sufu ikichemshwa hunywea. Kipa aliyebanwa kama soseji, mikono hainyanyuki, nani atamtaka? Imetoka ndogo, ya kumvika paka. Zote nimezikunja, nimezipeleka. Nitalala vizuri.

Ijumaa, 12 Februari

Ilikuwa ya Norbert. Mistari ya fulana ni ile ile kwa wote!

Norbert kaivaa mazoezini, kitovu nje. Wenzake wakakosa pa kumshikia, na yeye kafunga mpaka wakachoka kumwokotea wavuni kile kisahani cheusi wanachokipiga badala ya mpira. Ottilie kaja na keki ya tufaha kunishukuru, akidhani fulana nimeibana makusudi kumsaidia mwanawe. Kasema watu huniita mwenye kijicho, sasa atawajibu. Akalia. Nami nikalia, kwa sababu zangu. Keki ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Jioni mvua. Mvua katikati ya Februari! Barafu ya ukumbi wetu hugandishwa na baridi ya Mungu tu, kwa hiyo mvua ikiendelea hakuna mechi, na Bwana Farquhar hana cha kutazama. Nimefungua dirisha niisikie vizuri.

Huku nasikiliza nimepiga pasi vitambaa viwili vyeupe. Kimoja cha Konrad. Kesho ndiye mwamuzi wa goli: anasimama juu ya barafu nyuma ya milingoti, kile kisahani cheusi kikipita, anainua kitambaa. Kingine changu, cha kulilia furaha.

Jumamosi, 13 Februari

Usiku kumeganda. Mji mzima uko nje unashangilia baridi, hata mchungaji, ambaye kila Jumapili huwasema wanaocheza kwa mshahara.

Nikajisalimisha. Nikamwahidi Konrad kwamba nitakaa kwenye benchi na kunyamaza. Nilikuwa nasema kweli kabisa.

Tatizo ni kofia. Nilimfumia Ezra kofia yenye masikio, akaiacha juu ya meza, nami nikaitia mfukoni. Nimeikumbuka tukiwa tayari ukumbini, maana masikio yake yalikuwa mekundu, nayaona kutoka kule nilikokaa. Kwa kelele za kengele za ng'ombe wanazopiga mashabiki, hasikii akiitwa. Nikashuka mpaka kwenye ubao nyuma ya goli lake, karibu na Konrad. Mabao yalikuwa sare. Watu wa Port Dunmore wakaja wote kwa pamoja, wakapiga, Ezra akazuia kwa shingo ya mguu, vizuri sana. Nikaona nafasi. Nikatoa kitambaa changu nikampungia, nikimwonyesha kichwa.

Mwamuzi mkuu alikuwa mbali, na taa za ukumbi ni hafifu. Akaona kitambaa cheupe nyuma ya milingoti. Akapiga filimbi. Goli.

Konrad akaapa mkono wake haujatoka mfukoni. Mwamuzi akamjibu kwamba baba anayemhesabia mwanawe goli hawezi kuwa mwongo, ila sasa anajuta kuinua kitambaa. Watu wakaanza kurusha kofia. Ottilie akarusha kiatu. Nikatamani barafu ipasuke inimeze na leso yangu.

Ezra akateleza polepole mpaka kwa mwamuzi. Ukumbi mzima ukanyoosha shingo.

"Bwana mwamuzi," akasema, "yule ni mama yangu. Anataka nivae kofia."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Hata Port Dunmore walicheka, wakishikana wasianguke. Mwamuzi naye alicheka, akafuta machozi, akasema kitambaa kimekwisha kupanda, goli ni goli. Ezra akaja kwenye ubao, akainamisha kichwa, nikamvika. Akarudi golini na masikio ya sufu, akazuia kila kilichokuja. Vijana wetu kwa hasira na kicheko wakasawazisha, na dakika za mwisho Norbert, kitovu nje, akafunga la ushindi. Nilimkumbatia Ottilie. Kiatu chake hakijapatikana.

Angalau Bwana Farquhar ameona. Nani atachukua kipa mwenye mama kama mimi? Nitalala nikitabasamu.

Jumapili, 14 Februari

Yeye. Yeye ndiye atakayemchukua.

Kasema mezani, madonge mdomoni: "Mama Ezra, nimeona makipa wengi. Aliyefungwa na mama yake mbele ya mji mzima akacheka, huyo hatatikiswa na mtu."

Nikaketi. Hapo Ezra akaweka uma chini.

"Nilimwambia Bwana Farquhar tangu Jumatatu, Mama. Siendi mahali ambapo nitakula maharage ya kopo. Umsikilize."

Kumbe nyumba wanakolala wachezaji kule, mpishi huunguza hata maji. Bwana Farquhar anataka nishike jiko lile mpaka barafu iyeyuke majira ya kuchipua. Machimbo yanataka mapipa pia, kwa hiyo Konrad hatakaa bure. Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa nafanyiwa mtihani, na nimepika kama niliyeambiwa!

Nilikataa. Nilikataa mpaka nilipomaliza kuosha sahani.

Jumatano, 17 Februari

Tunaondoka kesho, sote watatu.

Ottilie kaja kuniaga, kaleta keki. Kasema Norbert haendi kwa kuwa mji unamhitaji. Hakuna aliyemwita, lakini nikamwambia ni kweli, mji unamhitaji. Nilisema kwa moyo safi, safi kiasi. Kisha akasema nyumba itakuwa kimya ng'ambo ya ua, nikamkumbatia tena, na hamira yote nimemwachia.

Nimekwisha funga sanduku. Sufuria kubwa, mwiko, kofia yenye masikio. Bwana Farquhar, Konrad na Ezra walinisimamisha jikoni mstari mmoja kama wazee wa kanisa, wakaniapisha kwamba leso nyeupe haitaingia ukumbini tena. Nikaapa. Nimeziacha zote kwenye droo, Konrad kahakikisha mwenyewe.

Ila Bwana Farquhar kaniambia ukumbi wa kule ni mpana kuliko wetu na taa zake ni hafifu zaidi. Leso hata isingeonekana.

Nimefunga taulo. Jeupe, lile kubwa.