Hita ya Pikapu na Basi la Ijumaa

Jumatatu, 13 Januari

Baridi imerudi. Nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Pikapu imekoroma mara moja, ikanyamaza. Aibu! Na usiku kucha nilikuwa nimechomeka hita ya injini, ile inayozuia oili isigande. Jirani yangu, Elmer Pylypow, akapita polepole na pikapu yake, akateremsha kioo kwenye baridi ile ili tu aniulize kama nimeamua kufuga farasi. Mshenzi.

Na wiki hii ndiyo wiki yenyewe. Orysia anakuja Ijumaa asubuhi na basi la kutoka mjini Saskatoon, lile linalomshusha mtu njia panda na kumwachia upepo. Binti yangu wa pekee. Tuliachana kwa maneno makali, na tangu hapo simu zake zote ni za mama yake. Stefka, mke wangu, anasema Elmer ndiye aende kumpokea, gari lake halina maringo. Thubutu! Uso wa kwanza atakaouona mwanangu utakuwa wangu.

Je, hita ni nzima? Stefka anasema nimwulize fundi. Kijiji kizima kijue? Nina mpango. Kati ya nyumba zetu kuna nguzo yenye soketi mbili, moja yangu, moja ya Elmer. Nimebadilisha plagi kimyakimya: yangu kwake, yake kwangu. Gari lake likigoma kesho, basi hita yangu ni nzima, soketi yangu ndiyo mbovu. Akili!

Jumanne, 14 Januari

Gari lake limewaka kabla hajaketi vizuri. Langu kimya. Basi soketi haina kosa.

Mpango wa pili: kuipapasa injini. Nikavua glavu ili nihisi joto vizuri. Mkono haukufika kwenye injini, uliganda kwenye komeo la boneti. Nikasimama pale kama ng'ombe aliyefungwa. Nilimwita Stefka, akaja Elmer! Akanimwagia vidole kahawa yake vuguvugu, taratibu, akisema, "Pole, mzee. Sasa umeshajua kama ina moto?" Ngozi kidogo imebaki kwenye komeo.

Plagi nimeziacha zilivyo. Nani achimbue theluji kwa vidole hivi?

Jumatano, 15 Januari

Mita! Mbona sikuifikiria? Unazima kila kitu nyumbani, unaitazama mita ukutani. Ikizunguka, kinachokula umeme ni hita tu. Nikazima taa, friji, redio ya Stefka, hata tanuru la kupasha nyumba. Mita ikazunguka! Hita nzima! Nilikaribia kuibusu mita, nikakumbuka lile komeo.

Nikaenda duka la ushirika, wanakokunywa kahawa, nikatangaza. Elmer akauliza, kama ni nzima, mbona nimekuja kwa miguu. Wivu tu.

Nimerudi nikamkuta Stefka jikoni amevaa koti. Mkate wa Orysia umekataa kuumuka. Tanuru nilisahau kuliwasha. Akaniambia kwa utulivu unaotisha, "Metro, mume wangu, mficha uchi hazai." Nimekula supu yetu ya borshi, baridi.

Alhamisi, 16 Januari

Mita inasema hai, pikapu inasema maiti. Nikaufuata waya hadi kwenye nguzo, nikamkuta Elmer amesimama, kashika plagi mbili, ananitazama. Hapo ndipo nilipokumbuka. Umeme ulioizungusha mita yangu ulikuwa unapasha gari lake! Tangu Jumatatu!

Nikaeleza yote, maana uongo haukupatikana haraka. Elmer akacheka hadi machozi yakaganda kwenye kope. Kisha akanipa funguo zake. "Chukua gari kesho, bwana. Joto lenyewe ni lako. Na mtoto anapokewa na babake."

Nimelia kidogo. Si upepo.

Ijumaa, 17 Januari

Alishuka na begi moja, kofia hadi kwenye nyusi. Tukatazamana. Hotuba niliyoiandaa ikanipotea yote. Nikasema garini kuna joto. Akasema, "Baba, hili si la Elmer?" Nikamsimulia njia nzima. Nilipofika kwenye kisa cha komeo alicheka, halafu akaushika mkono wangu, akaviangalia vidole kimoja kimoja. Ya zamani hatukuyagusa. Nimefurahi mno, sijui hata nimeendeshaje.

Anaondoka Jumapili. Mapema mno!

Jumamosi, 18 Januari

Orysia amelala chini ya pikapu, akaibuka na waya uliokatika nyuma ya plagi. Akaniuliza kama niliwahi kuondoka bila kuchomoa. Nikamjibu, mjinga gani hufanya hivyo? Akanitazama mpaka nikakumbuka asubuhi ya Krismasi yetu, ile ya tarehe saba Januari, nilivyochelewa kanisani. Hita haikuwa na kosa lolote. Akaunga waya, akaukaza barabara. Nikachomeka, tukanywa chai, tukaongea. Kisha pikapu ikawaka kwa mguso mmoja! Nikakanyaga mafuta nikamwonyeshe Elmer.

Waya haukukatika safari hii. Nguzo ndiyo iliyovunjika, ikanifuata hadi barabarani na soketi zake mbili.

Orysia alikaa kwenye theluji akicheka, hawezi kusimama. Anasema hawezi kutuacha hivi, atabaki mpaka nguzo mpya isimame. Elmer amejitolea kuisimamisha kesho kwa trekta lake. Nimemkatalia katakata. Nguzo ni kazi yangu, peke yangu, na ardhi imeganda. Labda Aprili.

Nina mpango.