Mkaguzi wa Kioo cha Adventina

Ukitaka kumjua Deodatus, usimwangalie usoni. Uso wake ulikuwa wa kawaida tu, uso wa mtu unayehisi mliwahi kukaa naye benchi moja kanisani. Liangalie gari lake: Mark II nyeupe, inaoshwa hata masika, na nyuma imebandikwa karatasi yenye maneno KAZI MAALUMU. Kazi gani, na maalumu kwa nani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Gari hilo ndilo lililokuwa mali yake yote duniani, na ndilo lililokuwa jembe lake. Mtu akishuka kwenye Mark II na faili kwapani, Karagwe nzima itamwita mheshimiwa. Akishuka kwenye bodaboda na faili hilohilo, ataulizwa dawa ya panya anauza bei gani. Deodatus alilijua hilo vizuri, na alilipenda gari kuliko alivyompenda binadamu yeyote, akiwemo mchumba wake wa Muleba, ambaye naye alilipenda gari.

Kwa gari hilo alishawahi kuwa ofisa wa mizani, kisha mtaalamu wa mnyauko wa migomba, na mwaka jana, kule Kihanga, mkaguzi wa mashine. Alimweleza mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kwamba mashine yao ya kukobolea kahawa ni lazima ikapimwe mjini. Mashine ikapakiwa kwenye Fuso, ikaenda, na mpaka leo inapimwa. Wakati ule Deodatus alikuwa na ndevu. Akanyoa, akahamishia shughuli zake Kyerwa, na kila Alhamisi alipita Nyaishozi kunywa chai kwa Benadeta, maana hata mwizi ana tumbo.

Alhamisi tunayoizungumzia, Benadeta alimletea mandazi mawili yamefungwa kwenye kipande cha gazeti. Deodatus alikuwa mtu wa kusoma chochote, hata risiti za wenzake. Akakunjua, akapangusa mafuta, akasoma. Habari ilihusu kampuni moja ya ng'ambo iliyotengeneza kioo cha gari kinachojirekebisha chenyewe: jua likiwaka kinaingia giza, kivulini kinarudi cheupe, na juu ya hayo kinazuia ile miale ya jua isiyoonekana, inayoitwa urujuanimno, inayochoma ngozi na kuharibu macho. Kampuni hiyo ilikuwa ikisubiri hataza. Gazeti lilieleza kwamba hataza ni hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya kumiliki ubunifu wake, asiibiwe na mtu. Lakini kwanza mkaguzi huchunguza kama kitu ni kipya kweli, na kama kilishaonyeshwa hadharani, basi hakuna hataza.

"Watu wana akili," Deodatus akasema, akimega andazi.

Ndipo alipoinua macho. Ng'ambo ya barabara palikuwa na banda la kahawa, na ndani yake pikapu ya bluu. Pikapu ikawashwa, ikatoka taratibu kuja juani. Kioo chake cha mbele, kilichokuwa cheupe kama maji, kikaanza kuingia giza toka chini kwenda juu, mpaka waliokuwa ndani wakawa vivuli. Ikarudi nyuma bandani. Giza likashuka na kuisha.

Andazi lilibaki hewani kati ya sahani na mdomo.

"Benadeta," akasema polepole, "ile pikapu ni ya nani?"

"Ya Adventina, fundi vioo. Ana vituko vyake yule. Anasema kioo kakibuni mwenyewe. Mimi sielewi, mimi ni mtu wa chapati."

Mtu mwaminifu angesema hongera na kumaliza chai yake. Deodatus aliiacha chai, akaenda kwenye gari, akavaa koti, akachukua faili, akawasha Mark II na kuvuka barabara. Ilikuwa hatua kumi na tano kwa miguu.

"Hodi! Natoka Idara ya Hataza," akasema akishuka. "Naitwa Mkaguzi Deodatus. Tumepata taarifa za kioo."

Adventina alikuwa mwanamke mrefu, mikono ina makovu madogo ya vioo. Alishika mdomo. "Jamani! Mpaka mmesikia huko?"

"Serikali ina masikio, mama."

"Basi karibu mheshimiwa. Mgeni haanzi na maneno." Akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa ambazo hakuna mgeni wa Karagwe anayekosa. Deodatus akatia mbili mdomoni, akatafuna kwa heshima ya kiofisi, akaisogelea pikapu.

Kwenye kiti cha abiria alikaa kikongwe, amejifunika khanga mpaka kidevuni, kikapu mapajani.

"Huyo ni mama mkwe wangu, Kokwijuka," Adventina akaeleza. "Magoti yanamsumbua. Akishapanda, kumshusha ni kazi ya wanaume wanne."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu," bibi akaitika, huku mikono yake haitoki ndani ya khanga.

Hapa ni lazima tusimame kidogo kwa masikitiko. Mkaguzi wa kweli, mwenye mshahara na roho ngumu, angesema: bibi naomba ushuke, nione kiti, nione dashibodi, nione khanga imefunika nini. Lakini Deodatus alizaliwa Muleba, akalelewa na nyanya yake, na huko mtu anaweza kuiba mashine ya kikundi kizima lakini hamshushi bikizee garini. Kila mtu ana dini yake.

"Uchunguzi wetu una maswali matatu," akatangaza, akifungua faili lililokuwa na bili za maji za mtu mwingine. "Je, kitu ni kipya? Je, kimehitaji akili, au ni jambo ambalo fundi yeyote angelifanya? Na je, kina faida? Itoe juani."

Adventina akaitoa. Kioo kikaingia giza. Akairudisha, kikatakata. Mara tatu. Mara ya tatu giza lilikwama katikati, bibi akakohoa kwa nguvu, likaendelea.

"Vumbi," Adventina akasema.

"Nimeandika vumbi," Deodatus akajibu, na kweli aliandika.

Ikabaki ile miale isiyoonekana. Mfukoni Deodatus alitembea siku zote na taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti, kwa sababu hakuna mtu anayeogopa kutapeliwa kama tapeli. Noti halali ikimulikwa kwa taa ile, nyuzi na alama zake hung'aa. Akaiweka noti ndani ya gari, akaimulika kutoka nje kupitia kioo. Hakikung'aa kitu. Akazunguka, akaimulika bila kioo: ikang'aa kama kanisa siku ya Krismasi.

Miale ilikuwa imezuiwa!

Msomaji, kioo chochote cha mbele cha gari huizuia miale hiyo kwa sehemu kubwa, kwa sababu kina karatasi ya plastiki katikati. Angeijaribu taa yake kwenye Mark II iliyosimama hatua tano tu, angepata majibu yaleyale. Na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mkaguzi wa hataza: kulinganisha kitu kilichodaiwa kuwa kipya na vile ambavyo tayari vipo. Deodatus hakulinganisha. Alikuwa akihesabu mabilioni.

"Mama," akasema, sauti imeshuka, "hiki nitakibeba kwenda Dar es Salaam kwa uchunguzi zaidi."

Kwa mara ya kwanza Adventina alicheka. "Mheshimiwa, mashine za watu huku zikienda kuchunguzwa hazirudi. Halafu kuna bwana mmoja wa Kigali alikuja jana. Amesema anarudi Jumamosi, anunue kioo na haki zote. Mimi nitamuuzia tu. Hataza ina mlolongo mrefu, na mimi sina mtu huko mjini."

Jumamosi! Deodatus akalifunga faili.

"Usimuuzie mtu wa nje, mama. Niuzie mimi. Kama mzalendo."

"Wewe si mkaguzi?"

"Mkaguzi naye ni raia."

Adventina akamwangalia bibi, bibi akaangalia migomba. "Shida ni moja," Adventina akasema. "Ukitoa kioo, pikapu yangu imekufa. Bibi nitampeleka kliniki na nini? Pesa sitaki, pesa inaisha. Nataka gari." Akaelekeza kidevu. "Lile."

Deodatus aligeuka kuitazama Mark II yake. Jua la saa tano lilikuwa likiimulika, nayo ilikuwa nzuri hadi kuumiza. Moyo ulimuuma kweli, na tusimcheke kwa hilo. Bila gari yeye si mheshimiwa wa mtu. Ni Deo tu, mwana wa Muleba aliyefeli kidato cha pili. Lakini akiwahi kujiandikisha yeye kuwa mbunifu, kabla ya ile kampuni ya ng'ambo, atanunua Mark II kumi, na dereva wa kila moja.

"Kwa sharti," akasema. "Kioo hakijaonyeshwa hadharani. Watu wakikishuhudia, si kipya tena, hataza imekufa. Kwa hiyo makabidhiano ya kioo ni mimi na wewe peke yetu. Na uniandikie kwamba mbunifu ni mimi, toka wazo la kwanza."

"Hiyo andika mwenyewe mheshimiwa, wewe ndiye unayejua lugha ya sheria. Uweke sahihi, mimi sitakuwepo hata kwenye karatasi. Lakini gari ni gari." Adventina akanyoosha kidole. "Gari linauzwa kwa mashahidi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama tunavyouza shamba. Bila kunywa hatujauziana."

Deodatus aliona ni haki. Akaketi, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: *Mimi Deodatus ndiye mbunifu pekee wa kioo hiki na kila kifaa kinachokifanya kibadilike. Sikusaidiwa na mtu.* Akatia sahihi nakala mbili, moja ya Adventina, ili asije akadai baadaye. Alijivunia sana nakala hiyo ya pili.

Adventina akashuka na vifaa vyake, akakata gundi, akakitoa kioo na kukifunga kwenye mablanketi mawili. "Gundi ya pembeni haijakauka," akaonya. "Kisione jua siku tatu."

Baada ya hapo mashahidi wakaitwa, na hapo Deodatus alishangaa kidogo jinsi walivyokuwa karibu. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Fidele, alikuwa nyuma ya banda tayari na mhuri mfukoni. Benadeta alivuka barabara na aproni yake. Wakaja akina mama wengine saba, wamevaa vitenge vya sare. Kadi ya gari ikasainiwa, hati ya mauziano ikagongwa mhuri, funguo zikahama mkono. Ndipo mwanamke mnene akatoka jikoni na kibuyu cha rubisi, akamimina, akampa Deodatus kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo.

"Kunywa, mheshimiwa waitu. Mimi ni Sperancia, mwenyekiti wa kikundi cha Kihanga." Akamtazama kidevuni, pale ndevu zilipokuwa. "Ile mashine yetu ilifaulu vipimo?"

Rubisi ilimpalia. Akakohoa mpaka Mzee Fidele akampiga mgongoni. Akaangalia funguo kwenye kiganja cha Adventina, akaangalia mashahidi tisa, akaangalia mhuri ambao wino wake haujakauka. Lakini kioo kipo! akajipa moyo. Wamechukua gari, mimi nimechukua mabilioni.

"Nitafuatilia," akasema, akatia mzigo wake wa mablanketi kwapani, rubisi ingali mkononi.

"Mjukuu wangu, subiri!" Bibi Kokwijuka alifungua mlango wa pikapu, akashuka mwenyewe bila mwanaume hata mmoja, akatembea vizuri tu kumfuata. Chini ya khanga alitoa bomba jembamba lililozungushiwa plastiki nyeusi ya kubandikwa kwenye vioo, likiwa na kamba ya nailoni upande mmoja na mpira wa baiskeli upande wa pili. Akavuta kamba: plastiki ikapanda. Akaiachia: ikarudi, *fyuu*.

"Umesahau kifaa chako," akasema. "Umeandika mwenyewe kwamba ni chako, na hukusaidiwa na mtu. Mimi nilivuta tu."

Akina mama hawakucheka papo hapo. Walisubiri kwa adabu mpaka mgeni alipomaliza rubisi yake, kwa sababu rubisi ya mauziano haimwagwi. Kisha wakacheka mpaka Benadeta akakaa chini.

Deodatus alisimama barabarani, kioo kwapani, bomba mkononi. Polisi angewaambia nini? Kwamba mkaguzi asiye mkaguzi ametapeliwa kwa ubunifu aliousaini mwenyewe? Kwa mbali Mark II ilipita, Adventina kwenye usukani, bibi mbele, Sperancia nyuma akibandua karatasi ya KAZI MAALUMU. Walikuwa wanaelekea kuulizia bei ya mashine mpya ya kukobolea kahawa.

Bodaboda ikasimama. Dereva wake, Lameck, mtu mzima mwenye masharubu ya mvi, akaangalia ule mzigo mpana. "Kioo cha nini hicho, mzee?"

Kazi ni kazi. Deodatus akanyoosha koti, akasafisha koo, akaweka ile sauti yake ya kiofisi.

"Bwana, umewahi kusikia neno hataza?"

"Nimelisikia mwezi mzima," Lameck akasema. "Mke wangu yuko kikundi cha Kihanga. Nauli unatanguliza."