Wageni wa Nyuzi Nne

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimekabidhiwa Ncha ya Kaskazini. Yote! Imo ndani ya friji ndogo ya soda, sebuleni kwangu, Downsview, Toronto, ghorofa ya saba. Serikali haijapiga simu kunipongeza, lakini serikali siku zote huchelewa.

Maelezo, kwa faida ya vizazi. Zara, binti wa dada yangu, anakaa kwetu na anasomea udaktari wa viumbe wasioonekana kwa macho. Nchi hii ina udaktari wa kila kitu isipokuwa wa mgongo wangu. Chumba cha baridi cha chuo chake kimeharibika, naye anakwenda mkutanoni Montreal hadi Jumamosi. Kwa hiyo chupa tatu zimehamia kwangu. Nyekundu, imetoka kwenye theluji. Kijani, imetoka ukingoni mwa kijito cha barafu iliyoyeyuka. Ya tatu nyeusi, imetoka kwenye udongo mkavu, na kusema kweli inafanana na ukoko wa wali. Zara anasema ndani ya kila moja mna koo kwa koo za viumbe, na wote hujipikia chakula kwa mwanga, kama majani ya mti. Nikamwambia hayo niliyajua tangu Tanga. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa.

Masharti: taa isizimwe. Friji isifunguliwe. Joto liwe nyuzi nne, si tano. Namba niiandike daftarini asubuhi na jioni. Jumatatu ijayo anaziweka mbele ya maprofesa wake. Zikifa, jasho la kiangazi kizima limekwenda na maji, na huko hakufikiki tena hadi Julai. Alinishika mkono akasema, "Mjomba, tafadhali." Zara hunijibu Kiingereza siku zote. Nikajua jambo ni zito.

Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa ajili ya usalama. Zara Kiswahili anakisikia, hakisomi. Mke wangu Khatoon kakulia Kampala, Kiswahili chake ni cha kuamrisha tu.

Jumanne, 4 Februari

Jalaludin kapiga simu. Mfamasia mstaafu, Richmond Hill, nyumba ya vyoo vitano na wakazi wawili. Anasema Jumamosi, kwenye mkusanyiko wa wazee wetu, ataonyesha tena picha za safari yake ya meli Alaska. Mara ya tatu! Barafu ileile, kofia ileile. Kisha akaniuliza, kwa huruma, kama mimi nimewahi kuona barafu, ukiacha ya kwenye juisi.

Nikamjibu kwamba mimi barafu hunifuata nyumbani. Jumamosi naleta viumbe hai wa Ncha. Ushindi! Mtamu kama halua.

Nikampigia Bi Qurratulain, mwalimu mstaafu wa sayansi, ndiye mwenye ratiba. Kanipa dakika kumi na tano. Akasema nisizidishe muda, na nisidanganye. Sijui nani kanichongea.

Jioni nikawakagua wageni kupitia kioo cha friji. Aibu. Hawaonekani! Ile nyekundu ni kama maji yaliyooshewa bitiruti. Nikienda na hii mbele ya Jalaludin, nimekwisha. Lazima wakue, tena kabla ya Jumamosi.

Jumatano, 5 Februari

Nimewaza. Jibu ni joto.

Nilipofika Toronto mwaka 1991 nilikuwa nimekonda kama ufito. Shemeji yangu akanikalisha kando ya hita na blanketi mbili. Mwezi mmoja, kilo saba! Sasa hawa maskini wamekaa kwenye barafu tangu dunia iumbwe. Nani angekua? Na mgeni akitoka baridini, wewe unamfungulia friji umtie ndani? Wanasayansi wamesoma kila kitu isipokuwa adabu ya kupokea mgeni.

Saa nne asubuhi nikazihamishia chupa juu ya hita, zimefungwa skafu yangu ya sufu hadi shingoni. Nilitaka na kuwatilia chai, ya maziwa, nyepesi. Khatoon akaamrisha: "Acha! Weka chini! Mtoto mchanga anapewa chai?" Nikaacha. Mimi ni mtu wa kusikiliza ushauri.

Daftarini nimeandika: 4. Na friji ilikuwa nyuzi nne kweli. Kwamba ndani hamna mtu ni suala jingine.

Alhamisi, 6 Februari

Nyekundu imefifia. Asubuhi ilikuwa na rangi ya waridi, saa nane mchana ilikuwa maji ya kunawia mikono. Khatoon akauliza kama amekufa. Nikasema anapumzika. Kijani kamenyong'onyea, kanaelekea manjano. Lakini lile jeusi, lile ukoko, linametameta! Linatoa vipovu vya raha kama mzee aliyetoka kuoga. Ndiyo dunia hiyo. Mzuri anazimia, ukoko unastawi.

Nikazirudisha frijini mbio. Nikangoja kwa muda wa saa tatu. Nyekundu haikurudi. Nikaisikia tena ile "Mjomba, tafadhali", karibu dakika nzima.

Kisha nikaiona chupa ya sharbati ya waridi kwenye kabati la Khatoon.

Matone sita. Nyekundu kuliko ilivyokuja! Maumbile nayo wakati mwingine yanahitaji kusaidiwa tu.

Ijumaa, 7 Februari

Zara kapiga simu kuuliza namba. Nikamsomea kwa sauti ya mtangazaji: nne, nne, nne, nne, nne, nne, nne, nne. Akashangaa kwamba haikupanda hata nusu. Nikamwambia nidhamu. Akacheka, akasema asante sana, amelala vizuri wiki nzima kwa sababu yangu.

Nikamuuliza kama Montreal kuna theluji.

Kumbe Khatoon kamwambia habari za hotuba yangu. Anasema kesho akishuka kwenye treni atakuja ukumbini moja kwa moja kunisikiliza. Nikamwambia asijisumbue. Akasema si usumbufu. Nikamwambia hotuba ni ya Kiswahili. Akasema anasikia. Chupa sikuzitaja, mtu hammalizii mwenzake uhondo.

Jumamosi, 8 Februari

Watu hamsini, sambusa mia mbili. Jalaludin kaonyesha picha sitini na nne. Thelathini ni yeye na meza ya chakula.

Zamu yangu. Nikaeleza nilivyotembea siku tisa juu ya barafu na dubu mweupe akanipisha njia, akainamisha kichwa. Vinywa wazi! Nikainyanyua chupa nyekundu kwenye taa. Makofi! Jalaludin hakupiga. Nilimwangalia mikono.

Ndipo Bi Qurratulain akatoa hadubini kwenye mkoba, jinsi wanawake wengine wanavyotoa leso. Tone moja kwenye kioo. Akachungulia. Akachungulia tena. Kisha akafanya jambo lisilo la kisayansi kabisa: akanusa. Akauliza mbele ya watu wote, "Gulamhussein, huko Ncha theluji inanukia waridi?"

Jalaludin akadakia: "Mwulizeni dubu!"

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mtu mmoja tu hakucheka. Zara, mlangoni, begi mkononi.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikuja mbele akainua chupa mojamoja kwenye mwanga. Akaeleza kwa Kiingereza, polepole, kwamba wageni hawa hawafanani. Wapo wasioweza kuishi bila baridi, na joto la sebule kwao ni tanuri. Hao ndio wale wekundu. Wapo wa katikati. Na wapo ambao hiyo baridi wanaivumilia tu, miaka na miaka, na siku wakipata joto wanashukuru. Hao ndio weusi.

"Kama sisi," Khatoon akasema, kwa sauti. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha Zara akaniomba namba za kweli. Akiwa nazo, alisema, hawa waliobaki hai bado wana faida Jumatatu. Akiwa na zangu za uongo, hana kitu. Jalaludin akasogeza kiti mbele. Ningeweza kusema hita iliharibika. Uongo nilishauandaa, pamoja na jina la fundi. Nikamtazama Zara. Alikuwa ameishika ile nyekundu kwa mikono miwili.

Nikasema: toka Jumatano saa nne asubuhi hadi Alhamisi saa nane mchana, juu ya hita, moto wa mwisho. Namba za daftarini za saa hizo ni za friji tupu. Zara akaandika mkononi kwa kalamu. Jalaludin akachukua sambusa nyingine kwa raha zake.

Jumatatu, 10 Februari

Zara karudi kutoka chuoni. Maprofesa wameikubali ile nyeusi, na kijani nusunusu. Nyekundu basi. Itabidi arudi kaskazini Julai, na kumaliza masomo kumesogea mwaka mzima. Alinieleza hayo huku akivua viatu, akaenda kulala. Friji imefungwa kufuli.

Kufuli! Hakuna anayefunga kufuli kitu kisicho na thamani. Na thamani hiyo imeletwa na nani? Kabla yangu, nani duniani alijua kwamba ukoko wa Ncha ya Kaskazini unastahimili hita ya Downsview? Nimempigia Jalaludin kumjulisha. Nimemwambia pia kwamba Julai nafuatana na Zara, cheo changu mshauri wa joto. Zara hajaambiwa bado. Buti nimeshajaribu, zinabana kidogo. Na nimeligundua kosa lilipokuwa: skafu ni nyembamba mno. Ingekuwa blanketi, yule mwekundu angepona. Julai nakwenda na mbili.

Jambo moja dogo, Khatoon asilisikie. Zile siku za mwanzo, kila asubuhi kabla ya chai, nilikuwa nainama mbele ya friji kuwaamkia. Niliwapa majina. Yule mwekundu nilimwita Jalaludin, nipate raha ya kumwona amefungiwa kwenye baridi. Na ile Alhamisi alipofifia, nilijifungia chooni, nikafungua bomba la maji, nikamlilia.