Foleni ya Fremu Namba Kumi na Mbili

Jamani, uso wangu leo sijui niuweke wapi. Naandika huku nimejifunika kitenge gubigubi, na huko nje bado wanacheka.

Mnaikumbuka barua yangu? Ile ya kwamba jengo la maduka la hapa Kigoma mjini likiisha, nitapewa fremu namba kumi na mbili, inayotazama barabara? Mwaka wa tatu huu naitunza kwenye nailoni. Soko la zamani walivunja, wakazungushia mabati, vyuma vikakaza, mkandarasi akabeba mashine zake akaondoka. Sisi tukabaki ng'ambo ya barabara chini ya miavuli. Vitenge vyangu vimepauka mpaka wateja wananiuliza kama ni mitumba. Na mvua ndizo hizo zinakuja.

Sasa leo asubuhi natandika mkeka, naona foleni kwenye kigeti cha mabati. Wanawake kama thelathini, wametulia, mlango uko wazi! Sijawahi kukiona kigeti kile kimefunguliwa tangu mkandarasi aondoke. (Huwa nachungulia kwenye tundu la msumari. Naona nondo na majani, basi. Ndiyo, nina kiherehere. Tuendelee.)

Kuuliza? Nimuulize nani, ajue kwamba sijui? Wiki nzima watu wanasema mkandarasi anarudi, na asiyekuwepo siku ya kugawa, nafasi yake anapewa mwingine. Nikamnong'oneza Asha, jirani yangu muuza dagaa: "Niangalizie mkeka. Wanagawa fremu. Usimwambie mtu."

(Kumpa Asha siri ni kuipa siri kipaza sauti.)

Nikarukia bodaboda mpaka nyumbani Ujiji. Barua, picha mbili za pasipoti, gauni la Idi. Nikarudi mbio, nikaenda moja kwa moja mbele.

"Foleni, mama!"

"Mimi nina barua!"

Mama mmoja Mrundi, mwenye beseni, akanitazama kwa upole. "Mama, foleni mimi nimezijulia kambini. Anayeruka anaanza upya."

Wakanirudisha mwisho kabisa. Nilikasirika! Halafu nikaliangalia lile beseni. Huyu ameshaleta vyombo? Kumbe tunahamia leo leo!

Nikasimama saa nzima juani. Watu wanaingia huku, wanatokea geti la nyuma, kwa hiyo sikuona wanatoka na nini. Zamu yangu ikafika. Mlinzi wa eneo, Mzee Bukuru, amekalia ndoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nikampa barua na picha kwa mikono miwili. Akaisoma barua taratibu. Akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.

"Umetoka vizuri," akasema. "Sasa mama, nikupe sombe au lengalenga?"

Nyuma yangu kicheko! Yule mama wa beseni, aliyekuwa bado humo ndani, beseni limejaa majani ya muhogo pomoni, ilibidi alitue chini.

"Mzee, na fremu?"

"Fremu gani, mama? Mimi mwenyewe wamenisahau humu. Nikaona ardhi imelala, nikapanda mboga."

Nilitaka kulia, kweli. Miaka mitatu! Lakini kiherehere changu hakifi hata msibani. Nikauliza, "Namba kumi na mbili iko wapi?"

Akanipeleka. Kibao kipo, 12 kwa rangi nyekundu, upande wa barabara kama barua ilivyosema. Chini yake lengalenga, mchicha wetu wa huku, limenifika kiunoni. Nikasimama katikati, nikajaribu kupanga rafu zangu zingekaa wapi. Mzee Bukuru akainama, akakata fungu kubwa.

"La kwako hilo. Mwenye eneo simuuzii."

Ningekuwa na akili ningetokea geti la nyuma. Lakini mkeka wangu uko mbele, nikatokea mbele. Asha alishatangaza! Vigelegele kuanzia kwa wauza dagaa mpaka kwa mafundi viatu.

"Hongera Mama Zuhura! Umepata?"

Nikaficha fungu nyuma ya gauni la Idi. Majani yakachomoza pande zote mbili.

"Nimepata," nikasema.

Basi jioni hii kwangu tunakula fremu namba kumi na mbili kwa ugali wa muhogo. Atakayecheka asije kuonja.