Muziki Mbichi wa Shuaib

Garissa nzima ilikuwa na masikio mawili tu ya maana, na yote mawili yalikuwa kwenye kichwa cha Shuaib. Hayo ni maneno yake, si yangu!

Kazi yake ilikuwa kuuza vifuniko vya simu karibu na soko la mifugo. Lakini ukimsikia akichambua muziki, ungedhani ndiye aliyeifundisha kabani, ile gambusi ya Wasomali, kulia!

"Studio?" Alitema mate. "Muziki wa studio ni maziwa ya pakiti! Mimi nakunywa ya ngamia, yenye joto la kiwele. Live! Pumzi imo, kikohozi kimo. Hakuna kuficha!"

"Kikohozi cha mtu kina utamu gani?" rafiki yake Daud alimuuliza.

"Huwezi kuelewa, buda. Masikio yako ni ya kushikilia miwani tu!"

Sasa, bingwa huyu alikuwa anamtaka Ramlo, binti wa Mzee Olow, mfanyabiashara wa ng'ombe. Dada yake Ramlo alipoolewa, mzee alileta mwimbaji kutoka Mandera, akataka kumwita na fundi wa studio aje kurekodi.

Shuaib aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Adeer, mzee wangu, usijiaibishe! Niachie mimi."

Siku ya harusi akaiwasha simu yake irekodi, akaitia kwenye mfuko wa shati, kifuani. Kisha akaketi na Daud mbele ya sinia la wali na nyama. Mwimbaji akaimba. Bingwa akala.

Wiki iliyofuata alitua kwa Mzee Olow na spika kubwa kama jokofu. Ukoo ulikuwa umejaa sebuleni, hadi wajomba kutoka Habaswein. Mpango wake ulikuwa wasikie muziki kwanza, walainike, halafu amwombe Ramlo. Rekodi yenyewe hakuwa ameisikiliza hata kidogo. Mpishi mkuu, alisema, haonji mchuzi! Na ili asikose mtu, alikuwa ameshaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia nzima.

Akabonyeza.

Kabani ililia kwa mbali, kama mbuzi aliyetumbukia kisimani. Kisha ikaja sauti ya karibu, nene, inayotafuna:

"Daud, hii nyama! Wallahi huyu ng'ombe alikufa kwa uzee, mzee akaona asipate hasara!"

Shuaib akairukia spika, lakini bakora ya Mzee Olow ilifika kwanza, ikamzuia kifuani.

"Wacha, kijana. Muziki bado."

Muziki uliendelea. "Lakini navumilia," sauti ilisema, ikimeza. "Nikishamwoa Ramlo, huyu bahili atanipa ng'ombe nichunge. Macho yenyewe hayaoni. Wakipungua atajuaje?"

"Imechezewa!" Shuaib alipiga yowe. "Adeer, hiyo imetengenezwa studio!"

"Studio gani?" Ramlo akamkata. "Hata mfupa unausikia ukivunjika!"

Mjomba mmoja alianza kucheka, akashindwa kujizuia. Mzee Olow hakucheka wala hakufoka. Alisikiliza hadi mwisho, akamgeukia binti yake.

"Ramlo, huyu unamtaka?"

"Subhanallah, baba! Hata ukinipa na hiyo spika!"

Shuaib alitoka bila viatu. Kabla hajafika barabarani, kundi la familia lilikuwa limeituma rekodi kwa makundi mengine. Huko Tarbaj waliisikia wakati wa chai ya jioni. Mandera walitaka kujua kama kuna sehemu ya pili!

Aibu ikamkimbiza hadi mji wa Eldas, kwa shangazi yake, ambako hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Akajifunika kikoi, akaingia dukani.

"Nipe sukari robo."

Mwenye duka akainua kichwa taratibu. "Hebu rudia?"

"Sukari robo, walaal, ndugu yangu."

"Ni yeye!" Mwenye duka aligonga meza. "Jamani, njooni! Ni yule wa ng'ombe wa Mzee Olow!"

Siku hizi Shuaib hununua vitu kwa kunyoosha kidole.