Kiingereza cha Makopo

Jumanne, 4 Juni 1974

Mimi ndiye mwalimu bora wa Kiingereza kutoka Koboko hadi Arua. Nilikisomea London miaka miwili, na cheti ninacho.

Haya, basi. Daftari hili halisomwi na mtu ila mimi na mende. London sikufika. Nilifika Bunia tu, hapo hapo Kongo, nikaumwa tumbo, nikarudi. Kiingereza nilikiokota jikoni kwa wamisionari, nikiwapigia pasi na kusoma makopo yao. Cheti ninacho kweli. Cha ubatizo.

Mwaka juzi walimu walipopungua, mwalimu mkuu Anguyo alinikuta sokoni nikisoma kopo la maziwa ya unga kwa sauti. Akadhani ameokota dhahabu. Akanipa darasa la tano na nyumba ya mabati, vyumba viwili. Mimi, Mkongo nisiye na hata tuta la mihogo! Wanafunzi wananiita Musiyo, yaani 'bwana', maana siku ya kwanza nilijisahau nikawasalimu kwa Kifaransa.

Vitabu hakuna. Nafundisha kwa makopo. Kopo la maziwa, kopo la siagi, la rangi, la dawa ya kuua wadudu. Kila moja lina Kiingereza kilichoandikwa na Waingereza wenyewe. Nani atanisahihisha?

Leo barua imeshuka kutoka Arua, kule mlimani kwenye maofisi. Kila shule ibaki na mwalimu mgeni mmoja tu. Sisi tuko wawili: mimi na Nora, binti wa Sudani anayefundisha darasa la pili na kulala stoo ya majembe. Mkaguzi atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kutusikiliza wote wawili. Atakayebaki atapewa nyumba. Mwingine atafunga mzigo.

Nyumba yangu! Nyuma yake amelala Martine, mke wangu. Mgeni hana kiwanja cha kuzikia mtu. Anguyo ndiye aliyenionea huruma, akaniacha nichimbe pale kati ya jiko na ua. Nikiondoka, nani atafukuza mbuzi wa watu?

Basi. Lazima Nora ashindwe.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa kwanza. Nilimwita Nora kando, nikamwambia kwa upole wa baba kwamba stoo yake ina nyoka. Mkubwa, mweusi, ana tabia ya kupenda wanawake wa Sudani. Nilitegemea atakimbilia kwao kabla ya chakula cha mchana.

Aliniuliza yuko upande gani. Nikasema upande wa majembe, maana upande wowote ulifaa, nyoka mwenyewe nilimtunga. Akaingia na fimbo. Nikasikia vishindo viwili. Akatoka na nyoka.

Mkubwa. Mweusi.

Shule nzima ilipiga makofi. Anguyo akasema mbele ya watoto kwamba huyu ndiye mwalimu, wengine ni suruali tu. Nora akanishukuru kwa kumwonya. "Mzee, wewe iko na macho," akasema, na hakuwa anatania. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Nimekaa juu ya majembe hayo mara kumi, nikivuta kiko!

Jumamosi, 8 Juni

Maisha ya mgeni, kwa atakayetaka kujua. Asubuhi jirani aliniuliza nitarudi kwetu lini. Alianza kuuliza mwaka juzi, huuliza kama mtu anayesema habari za asubuhi. Saa nne mama mmoja aliniuliza kama ni kweli Wakongo tunakula nyani. Nikamwambia tunakula wanaouliza. Saa sita mwanafunzi wangu Jane akaniuliza kwa nini sina watoto. Huyo nilimtuma akaniletee maji.

Kurudi Kongo siwezi. Sasa wanaiita Zaire, na wamesema majina ya Kizungu yatupwe. Nimeitwa Ambroise miaka sitini na moja. Nikivuka mpaka nitakuwa nani? Na shamba la baba wamegawana ndugu zangu, mpaka choo kimepewa mtu.

Jioni nilimfuata Nora nione anafanya nini sokoni. Ameketi chini, kwenye mkeka, na wauza karanga! Wanacheka, wanapigana mabega. Ni kila Jumamosi hivyo, wanasema. Nikafurahi sana. Mwalimu anayekaa chini na wauza karanga, nani atamheshimu? Nimeandika jambo hilo kwenye karatasi nimpe mkaguzi. Sikukaribia kusikiliza wanasema nini. Umbea ni umbea.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango wa pili, na huu ni wa akili.

Mkaguzi huuliza maswali. Mtoto wa Koboko akiulizwa swali kwa Kiingereza hutazama miguu yake. Kwa hiyo nimempa kila mtoto kopo lake. Kopo ni lake kabisa, analala nalo, anaamka nalo. Amekariri maandishi yote, na picha ya kopo humkumbusha pa kuanzia. Akiulizwa lolote, asimame, alitazame kopo, aachilie Kiingereza mfululizo bila kupumua. Mkaguzi atasikia mto wa maneno. Nani ana muda wa kupima kila neno?

Tumejaribu mchana kutwa. Darasa linanguruma kama kinu cha mahindi. Jane anasema kopo la dawa ya kikohozi lote, mpaka jina la kiwanda. Machozi yalinitoka. Nilitamani Martine asikie.

Anguyo alichungulia dirishani akauliza ni somo gani. Nikamwambia mazungumzo. Akasema hajawahi kuona mazungumzo ambayo watu wote wanaongea na hakuna anayesikiliza. Nikamuuliza kama hajawahi kwenda kwenye mkutano wa wazazi. Akaenda zake.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwisha!

Nimeingia darasani, nikasema toeni makopo. Nikasema tena. Watoto wote wanatazama miguu.

Wameyauza! Thelathini na mawili, hakuna lililobaki! Wameyauza sokoni!

Kosa ni langu, na silisemi popote isipokuwa hapa. Nilisahau kopo ni nini katika mji huu. Wauza karanga na simsim hupima kwa kopo. Tangu maduka ya Wahindi yafungwe, kopo jipya halionekani, na ya zamani yametoboka kutu. Mimi nikawapa watoto makopo mazima, nikawaambia ni yao kabisa! Mama zao wakayaona. Hapo ningetegemea nini?

Na bila picha ya kopo mtoto hajui aanze wapi. Nilimsimamisha Jane, nikamuuliza, akafungua mdomo, akafunga. Nikamwambia afikirie picha ya kopo lake: chupa, kijiko, mtu anayekohoa. Akaanza kukohoa.

Nilikimbia sokoni. Mkubwa wa wauza karanga ni Ocokoru, mwanamke mrefu wa Logiri, sauti kama tarumbeta ya jeshi. Makopo yangu yako mbele yake yamepangwa safu, yamejaa karanga mpaka juu. Nikamwambia hiyo ni mali ya elimu.

"Musiyo, hii ni kipimo yangu," akasema. "Nikikupa, nitapima na nini? Na kofia yako?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema kofia yenyewe imetoboka, mteja atapunjwa. Nikawaambia wataona. Sijui wataona nini.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeona!

Kama makopo hayawezi kuja bila wanawake, basi waje na wanawake. Nilirudi kwa Ocokoru alfajiri, nikavua kofia. Nikamweleza: kesho ninyi wote mje darasani, mkae nyuma ya mkaguzi, kila mmoja na makopo yake mapajani. Mtoto ataona picha ya kopo lake, ataachilia Kiingereza. Mkaguzi ataona wazazi wanaopenda shule. Na akimaliza atakuwa na njaa.

Hapo kwenye njaa Ocokoru akatulia. Akauliza mkaguzi ni mnene au mwembamba. Nikasema mnene sana, ingawa sijawahi kumwona. Akauliza kama Nora anajua. Nikamwambia Nora hahusiki kabisa, na tafadhali asiambiwe. Wakatazamana. Akasema sawa, Musiyo, tutakuja.

Niliondoka pale natembea kama mkuu wa wilaya. Usiku wa leo nitalala juu ya godoro langu, ndani ya nyumba yangu.

Ijumaa, 14 Juni

Nitaandika yote, ingawa kalamu haitaki.

Mkaguzi anaitwa Draku. Mwembamba kama ufito. Amekuja juu ya lori la muhogo, petroli hakuna, na unga umemkaa mpaka kwenye nyusi. Alianza na Nora. Nilisimama dirishani. Ah, raha! Watoto wake wadogo waliogopa hizo nyusi nyeupe. Hakuna aliyefungua mdomo. Nora anauliza kwa upole, wao wanajificha chini ya madawati. Mmoja alilia. Draku aliandika mistari miwili tu, akafunga daftari. Nikajiambia Ambroise, nyumba ni yako.

Akaja kwangu. Wanawake wa soko kumi na mmoja wameketi nyuma yake, makopo mapajani. Draku akashangaa. Nikasema kamati ya wazazi. Akamsimamisha Jane, akamuuliza kwa Kiingereza baba yake anafanya kazi gani. Jane akainua macho, akaona kopo lake, uso ukang'aa. Akajibu kwa Kiingereza safi kabisa: tikisa vizuri kabla ya kunywa.

Draku akasema, hm.

Akamuuliza mvulana wa pili ana ndugu wangapi nyumbani. Mvulana akajibu: weka mbali na watoto.

Akamuuliza wa tatu angependa kuwa nani akikua. Huyo alikuwa na kopo la rangi. Paka mara mbili, acha ikauke.

Draku akavua miwani. Akaifuta. Nikaanza kueleza kwamba ni Kiingereza cha ndani zaidi, cha kitaalamu. Yeye hanitazami. Amegeuka nyuma, nadhani kutafuta mtu mzima wa kuzungumza naye, akamuuliza Ocokoru kwa Kiingereza, kwa utani tu, kama hizo karanga ni nzuri.

Na Ocokoru akajibu. Kwa Kiingereza!

Akamwambia ni mpya, zimetoka shambani kwa dada yake Logiri, zimekaangwa asubuhi, kopo likijaa limejaa, na bei haishuki kwa sababu mtu ana miwani. Mwingine akadakia, kwa Kiingereza vilevile, kwamba bwana asionje kama hanunui. Wa tatu akamuuliza safari ilikuwaje na kwa nini ana unga usoni. Draku alicheka mpaka akashika dawati. Akawauliza nani amewafundisha.

Vidole kumi na moja vikaelekea dirishani. Nora alikuwa amesimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Kila Jumamosi! Kwenye ule mkeka! Alikuwa anawafundisha wauze kwa wageni wanaopita na malori, bila kuchukua hata punje. Na mimi nilipita, nikaona, nikaandika umbea.

Draku alinunua makopo mawili, akala akiandika. Aliandika ukurasa mzima. Mwisho akanishika bega. "Baba, matamshi yako iko safi," akasema. "Lakini watoto hii hapana ongea na mutu. Inaongea na kopo." Akaniomba radhi kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Afadhali angenitukana.

Karatasi yangu ya mkeka ilikuwa bado mfukoni. Nimeiwashia kiko.

Jumapili, 16 Juni

Nimehama. Anguyo amenipa siku chache katika stoo ya majembe mpaka nipate pa kwenda. Nimechungulia kila pembe kabla ya kuketi.

Nora alibeba kitanda changu mwenyewe, kichwani, hakutaka kusaidiwa. Halafu akaniuliza kuhusu pale nyuma, kati ya jiko na ua. Sikujua kama aliwahi kupaona. Nikamwambia shida ni mbuzi tu. Akasema amekwisha kata miba, ameizungushia pande zote tangu asubuhi. Nilikwenda kutazama. Nikamwambia miba ameiweka vibaya. Haikuwekwa vibaya. Nilikaa kidogo, nikamwambia Martine kwamba nimepandishwa cheo, ninahamishwa. Hakuuliza wapi. Alikuwa hivyo hivyo alipokuwa hai, alijua wakati wa kutoniuliza.

Nimefikiri sana leo, mpaka misa ikanipita. Kosa langu nimeliona. Nilichagua somo baya! Kiingereza kila mtu anaweza kukikagua, hata mwanamke wa karanga. Lakini sayansi? Nani Koboko hii anaijua sayansi? Nasikia kule Inde, chini ya Arua, shule moja inatafuta mwalimu wa sayansi. Na mimi nilimpigia pasi daktari miezi minne. Makoti yake yote.

Nimempelekea Nora maneno haya, na ninayanakili hapa ili asije akasema sikuomba vizuri:

Binti Nora, salamu. Nyumba kaa nayo, siombi nyumba. Lakini jiulize, nani aliyewaleta wale mama mbele ya mkaguzi? Watoto wako walikuwa chini ya madawati. Ni mimi niliyewaleta, kwa miguu yangu, alfajiri, kofia mkononi. Kwa hiyo kuna fadhili moja ndogo unayonidai, au mimi ninakudai, utapanga wewe mwenyewe. Niandikie barua kwa Kiingereza kwamba Ambroise amefundisha sayansi hapa miaka ishirini. Muhuri uko kwenye saraka ya Anguyo, naye Jumapili harudi kutoka kanisani kabla ya saa saba. Upige mara mbili tafadhali, wino wake ni hafifu.