Jiwe la Tani Kumi

"Madereva wote mnarudishwa darasani!" Kinyozi Redio aliibwaga habari hiyo hata kabla hajakaa kwenye benchi la kahawa. "Imetangazwa sasa hivi. Mtafundishwa usafi, adabu na lugha ya staha. Atakayefeli, leseni kwaheri."

Honi, dereva wa teksi ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, akaruka juu. "Lugha ya staha? Mtu anichomekee mbele yangu, nimwambie 'hongera ndugu, umeniwahi'?"

"Wewe hata salamu unaitoa kama unadai ugomvi," akasema Mama Birika, huku akimjazia kikombe.

Tani Kumi hakucheka. Siku nyingine dereva huyo wa lori ndiye angeongoza makelele, ila leo alikaa wima, shati limenyooshwa kwa pasi hadi anaogopa kuegemea. Baba wa mchumba wake, fundi cherehani mstaafu, alikuwa njiani kuja kumtazama. Na mzee alishasema tangu mwanzo: binti yake haolewi na dereva.

"Eti tuna mke kila kituo cha mafuta," Tani Kumi akanung'unika.

"Kakuonea," Redio akasema. "Vituo vingine vimefungwa."

Benchi zima likaangua kicheko.

"Chekeni! Mimi ni mtaalamu, jamani. Rubani mnampigia makofi, mimi mnaniita muhuni. Kisa? Kandambili!"

"Rubani havai kandambili, kaka."

"Umeshawahi kuiona miguu yake?"

Redio alikuwa anafungua mdomo kujibu mzee alipotokea, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Tani Kumi akasimama kama mwanajeshi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee akamtazama kuanzia kola hadi unyayo, utadhani anamkatia suti. "Unakunywa?"

"Kahawa tu, baba."

"Ukikwama safarini unampigia nani simu?"

"Tajiri wa gari... yaani, binti yako! Kwanza binti yako, halafu tajiri."

"Kapona!" Honi akanong'ona, na mtaa wa pili wakasikia.

Mzee hakutabasamu. "Nipeleke nyumbani. Nataka nikuone kazini."

Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya benchi, palepale penye mwinuko, pua ikitazama juu. Breki ya mkono ilikuwa imeshachoka na dunia, kwa hiyo lililokuwa limelishikilia tangu asubuhi ni jiwe kubwa kama boga, nyuma ya tairi. Tani Kumi akamfuta mzee kiti, akamfungia mkanda, akatazama vioo vyote, akawasha indiketa ingawa barabarani hapakuwa na hata mbuzi. Akaondoka taratibu kana kwamba amepakia mayai. Nyuma, benchi likampigia makofi.

Moyo wake ukatulia. Kumbe kazi ndogo hivi!

"Simama," mzee akasema.

Tani Kumi akakanyaga breki. Mzee akafungua mlango, akashuka, akarudi nyuma kwa miguu. Kwenye kioo cha pembeni Tani Kumi akamwona anainama katikati ya barabara. Ndipo akaliona. Jiwe! Alikuwa ameliacha hapohapo, kama anavyoyaacha yote, kila mlima, kila safari.

Alitaka kuruka akaombe radhi. Angeshukaje? Akiinua mguu kwenye breki, lori linamfuata mkwe kinyumenyume. Akabaki ameganda, shingo nje ya dirisha.

"Baba, samahani! Ni mazoea tu!"

Mzee akaja hadi dirishani, jiwe amelikumbatia, anahema.

"Hili limekushikia gari tangu asubuhi?"

"Ndiyo, baba."

"Limelalamika?"

"Hapana, baba."

"Na ulipomaliza kazi nalo, umeliacha njiani likanyagwe. Sasa niambie, binti yangu atakuwa salama kwa lipi?"

Tani Kumi akazidi kuikanyaga breki. 

 Mzee akaliweka jiwe begani. "Nakwenda nalo kwangu. Ukilitaka, njoo na wazee wako."

"Nitakuja, baba! Hata kesho!"

"Utakuja breki ikishapona."

Akapanda mlima kwa miguu, jiwe begani, futi inapepea. Benchi likalipuka kwa vigelegele. Mama Birika akageuka.

"Na wewe, Honi? Mawe yako umeyaacha barabara zipi?"

Honi akanyanyuka, akavaa kofia yake, akashuka na barabara akitazama chini, akiyatafuta mawe yake.